Fundo la Chumvi

Nilipokuwa bado mtoto wa kutia chumvi, kabla meno yangu ya mbele hayajang'oka, tuliishi Mpitimbi katika nyumba ya bibi mzaa mama. Tulikuwa watatu: Bibi, Mama na mimi. Baba alikuwa Namtumbo kwenye mashamba ya tumbaku, na tulimwona msimu ukiisha, akija amejaa harufu ya majani makavu.

Nasema mtoto wa kutia chumvi kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na nyumbani kwetu ilikuwa kazi kweli. Chumvi ya chungu cha watu wote haikutiwa na mkono wowote tu. Mwanamke aliyekuwa katika siku zake hakuigusa. Mwenye mume nyumbani alikuwa na siku zake nyingine za kutoigusa, ambazo sikuelezwa wala sikuuliza. Wazee waliamini kwamba ikitiwa na mkono usiostahili, watakaokula mboga ile watavimba miguu na uso, kifua kitajaa, pumzi itakuwa fupi. Kwa hiyo walitafutwa wenye mikono isiyo na neno: bikizee aliyekoma kuzaa, au mtoto mdogo. Bibi angeweza kutia mwenyewe. Lakini alipenda kuniita.

"Mke mwenzangu! Mboga inakungoja wewe tu."

Aliniita mke mwenzake kwa utani wa bibi na mjukuu. Mimi nililichukua neno hilo kama lilivyo, na siku moja nikamwuliza mume wetu yuko wapi. Akanionyesha kaburi la Babu nyuma ya migomba. Nililitazama kwa muda, nikakubali.

Ndivyo nilivyokuwa. Jua likishazama, chumvi haikutajwa kwa jina lake nyumbani kwetu, maana kuitaja usiku ilikuwa mwiko. Bibi aliiita "ile nyeupe". Mara ya kwanza aliponiambia, "Lete ile nyeupe," nilikwenda nikarudi na sahani. Aliponirudisha, nikaleta kuku. Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta, na kuku naye akapata nafasi ya kukimbilia uvunguni.

Baadaye nilipata kuwa mwalimu wa watoto wadogo hapa Songea mjini, na kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa nikiwaona wengi wa namna yangu. Nilimwambia mtoto mmoja afungue masikio, akavua kofia. Mwingine alinisikia nikimsifu kwa mama yake kwamba ana kichwa chepesi, akatembea mpaka nyumbani amekishika kwa mikono miwili. Sikuwacheka, au nilicheka nikiwa nimegeukia ubaoni. Mtoto wa namna hiyo si mjinga. Anaamini tu kwamba mtu mzima akisema kitu kipo, basi kipo.

Kila Jumapili, kabla ya kengele ya kwanza ya misa, mzee mmoja tuliyemwita Babu Kiliani alipita mbele ya nyumba yetu na fimbo yake. Alikuwa mzee kupita wazee wote wa kijiji. Ngozi ya shingo yake ilining'inia kama ya jogoo, na mbwa hawakumbwekea tena. Asubuhi moja Bibi alimwangalia akipita, akatikisa kichwa.

"Yule mzee amekula chumvi nyingi."

"Nyingi kiasi gani?" nikauliza.

"Magunia."

"Nani alimtilia?"

Bibi alicheka mpaka ugoro ukamwagika kwenye khanga yake. "Mungu."

"Na wewe, Bibi?"

"Mimi nami nimekula yangu. Siyo kama ya Kiliani, lakini nimekula."

"Na Mama?"

"Mama yako bado anakula. Ndiyo kwanza ameanza, ana safari ndefu."

Mama alikuwa ameinama anachambua mchicha. Akaniangalia chini ya mkono wake, akanikonyeza. Hakuna aliyenieleza, na sioni kama walikuwa na sababu ya kunieleza. Ilikuwa asubuhi njema, watu wamefurahi, na neno tamu likielezwa huchacha.

Lakini mimi nilibaki nalo. Nililipeleka kisimani, nikalirudisha. Mwisho nikapata maana yake, na ilikuwa maana kubwa kupita mwili wangu. Chumvi ndiyo inayompa mtu miaka. Na nyumbani kwetu anayetia chumvi ni mimi.

Jioni ile nilichota kwa vidole vitatu badala ya viwili.

"Mke mwenzangu," Bibi akasema baada ya tonge la kwanza, "leo umeamua kutukausha?"

"Mwache, Mama, anajifunza," Mama akasema, akala mboga yote, akashushia na maji mengi. Nilimtazama akila. Nilihisi nimemfikisha mbali.

Mvua zilipoanza, Mama alianza kuvimba miguu. Mwanzoni ilikuwa kama mchezo. Alinyoosha mguu juani, akaniruhusu kubonyeza, na kidole changu kikaacha shimo lililochukua muda kujaa. Nilibonyeza mashimo mengi, nikayapanga kama ya bao. Kisha akawa hawezi kupanda kile kilima kifupi cha kutoka kisimani bila kukaa chini. Kisha uso wake ukabadilika, macho yakawa madogo, na usiku alilala ameketi, amewekewa mto mgongoni.

Shangazi, dada yake Baba, alikuja kutoka Namtumbo. Alikuwa mwanamke mwenye sauti na mwenye huruma, na vyote viwili vilitoka kwa wakati mmoja. Alimwangalia Mama, akamshika miguu, akalia. Kisha, hata kabla hajanywa maji aliyopewa, akamgeukia Bibi.

"Shikamoo tena, Mama. Samahani kwa nitakalouliza. Chumvi ya nyumba hii anatia nani?"

"Huyu hapa," Bibi akajibu.

Shangazi alinitazama kuanzia kichwani mpaka vidole vya miguu. "Siku zote?"

"Siku zote. Huyu mtoto mkono wake ni maji, mwanangu. Usitafute huku."

"Basi kuna siku alitia mwingine. Miguu haivimbi hivi hivi."

"Imevimba kwa ugonjwa."

"Na ugonjwa umetoka wapi?"

Mimi nilitoka nikaenda nyuma ya migomba, kwenye kaburi la mume wetu, nikautazama mkono wangu. Bibi alikuwa amesema ni maji. Ulikuwa mkavu, una masizi ya chungu, lakini nilijua kwamba Bibi hasemi uongo. Kama mkono wangu ni maji, basi chumvi yote niliyoishika iliyeyuka kabla ya kufika chunguni. Ndiyo maana Babu Kiliani amepata magunia na Mama hakupata kitu. Nilifuta mkono kwenye gauni, mbele na nyuma, mpaka ngozi ikauma.

Mama alipelekwa hospitali mjini. Alipandishwa kwenye lori lililokuwa limebeba mahindi, akalazwa juu ya magunia kama malkia, naye akanipungia mkono akitabasamu ili nisilie. Alikaa huko hata nikazoea kumwita nikijua hatanijibu. Aliporudi alikuwa amepungua uvimbe, na alikuwa na dawa kwenye karatasi, na amri moja.

"Wamesema asionje chumvi," Bibi alimweleza Shangazi uani. "Hata kidogo. Moyo umechoka, hauwezi kusukuma, na chumvi inamjaza maji."

Shangazi alipiga mikono. "Mnaona? Hata hospitali wameijua chumvi!"

Leo nikikumbuka, naona jinsi Bibi alivyofumba macho. Watu wawili walikuwa wakitumia neno moja, kila mmoja na maana yake, na wote wawili walidhani wamekubaliana. Hawakujua kwamba karibu yao, nyuma ya kinu, alikuwepo wa tatu mwenye maana yake mwenyewe.

Siku ile Bibi alitoa kichungu kidogo alichokuwa akichemshia dawa, akakiosha, akapika humo majani ya maboga ya Mama. Kikaiva. Nikanyoosha mkono nitie.

"Hicho hapana," Bibi akasema. "Tia chungu chetu."

"Na cha Mama?"

"Mama hali chumvi."

"Mpaka lini?"

Alisukuma kuni ndani, ingawa moto haukuhitaji. "Tia chungu chetu, mjukuu wangu."

Hakuniita mke mwenzake. Miaka ya Mama ilikuwa inakatwa mbele ya macho yangu, na anayeikata ni Bibi, aliyekwisha kula yake. Nikasema kwa sauti ambayo sikuijua:

"Wewe mbona unakula? Mbona wewe hukatazwi? Unataka iwe yako peke yako!"

Ningepigwa, na kwa desturi za wakati ule ingekuwa haki. Bibi aliweka mwiko chini. Sijui alielewa kiasi gani. Lakini alijibu kama mtu aliyeulizwa swali la mtu mzima.

"Ingekuwa inawezekana," akasema, "ningempa yangu yote."

Nikalishika hilo. Sikusikia "ingekuwa inawezekana." Watoto hawalisikii neno la namna hiyo, wanasikia kinachofuata. Nilichosikia ni kwamba mtu anaweza kumpa mwingine chumvi yake.

Tangu siku ile nilikataa mboga ya chungu kikubwa. Nilisema nataka kula na Mama. Bibi aliona ni mapenzi, akaniacha. Kila nilipotia chumvi, punje zilizokuwa sehemu yangu nilizifumbata kwenye kiganja, kisha nikazifungia kwenye ganda la hindi nililolificha kati ya ukuta na mwanzi wa paa, upande wa kitanda chetu. Mboga isiyo na chumvi ni kitu kigumu kwa mtoto. Majani ya maboga yanakuwa kama kitambaa. Maharage yanakuwa udongo. Nilikula nikijua ninachofanya, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena katika kazi yoyote.

Mama ndiye aliyeligundua ganda. Alikuwa ameketi mlangoni juani, na mimi nilikuwa nimepanda kitandani kuongeza punje. Mwanzi ukalia.

"Unatafuta nini huko juu?"

"Sitafuti."

"Lete."

Nikalipeleka. Alifungua ganda mapajani mwake. Chumvi ilikuwa imeshikana kwa unyevu, imekuwa kipande kimoja, rangi ya jino.

"Hii ya nini, mwanangu?"

"Yako. Nimekuwekea. Siyo uile sasa. Uile wakikuruhusu."

"Umeitoa wapi?"

"Ni yangu. Sikuila."

Aliniangalia. Nilimwona anarudi nyuma polepole katika mawazo, siku hadi siku, chakula hadi chakula, mpaka asubuhi ile ya Babu Kiliani.

"Ya kunifanya niwe mzee?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Uwe kama Bibi. Babu Kiliani ni mbali sana, lakini kama Bibi tu."

Nimewahi kujiuliza, kama mwalimu, ningesema nini mahali pake. Ningeweza kueleza. Ningesema, "Hayo ni maneno tu, watu husema hivyo kumaanisha miaka." Ingekuwa kweli, na ingenivunja. Mama alikuwa amesoma madarasa machache kuliko mimi, na pumzi yake ilikuwa ya kuhesabia maneno. Hakucheka na hakueleza. Alichukua pembe ya khanga yake, akaweka kile kipande, akafunga fundo, akalikaza kwa meno.

"Nimepokea," akasema. "Sasa sikiliza. Mimi nimekatazwa kutia kinywani. Lakini hawakusema lolote juu ya kinywa chako. Ukila wewe, nimekula mimi."

"Inafika?"

"Inafika. Lakini ule mbele yangu, nikuone."

Nikarudi kwenye chungu kikubwa. Kila mlo nilikaa mkabala naye, mkekani, nikala mboga yenye chumvi, naye akanitazama kinywa. Alikuwa akitafuna pamoja nami bila kitu mdomoni. Mara nyingine aliuliza, "Leo imekolea?" nami nikajibu, "Imekolea," naye akapapasa tumbo na kusema, "Naam, imefika." Bibi alikuwa akitutazama kutoka jikoni, mwiko mkononi, mboga ikiungua.

Mahindi mabichi yalikuwa yameanza kuchomwa wakati Mama alipokufa.

Bibi, mwanamke wa mafumbo, ambaye hakuweza hata kuagiza maji bila kuweka utani ndani yake, alinikalisha juu ya kinu kilicholazwa, akanishika mabega yote mawili. Watu walikuwa wamekwisha kuanza kuja, na mmoja wao alikuwa akimnong'oneza Bibi aniambie kwamba Mama amesafiri, au amepumzika. Bibi alimwondoa kwa mkono.

"Mama yako amekufa," akaniambia. "Hatapumua tena na hatarudi. Umenisikia?"

Nilisikia. Lilikuwa jambo la kwanza aliloniambia ambalo halikuwa na upande wa pili.

Nilimwuliza tu, "Hata nikila?"

"Hata ukila."

Wanawake waliomwosha walitoka na nguo zake. Shangazi ndiye aliyeishika khanga, akagusa fundo, akalifungua. Akapiga kelele iliyonyamazisha kilio cha ua mzima.

"Chumvi! Jamani, chumvi! Nilisema mimi! Alikuwa anakula kwa siri. Nani alimpa? Nani alimpa huyu mtoto wa watu chumvi?"

Niliuweka mkono wangu nyuma. Niliusikia mkono ule kama kitu kikubwa ambacho kila mtu anakiona. Bibi alikwenda taratibu, akachukua kile kipande kwenye kiganja cha Shangazi, akakigeuza juani. Kilikuwa kizima. Hakikuwa na kona iliyomeguka wala alama ya ulimi.

"Haijaguswa," akasema.

"Basi ni ya nini? Chumvi kwenye nguo ya mgonjwa, Mama, hicho si kitu cha bure. Mtu amekiweka."

"Amekiweka, ndiyo." Bibi alinitafuta kwa macho katikati ya miguu ya watu, akaniona, akauona na mkono ulivyojificha. "Ni akiba yake. Aliwekewa na mtu anayempenda. Sasa mwacheni mwanangu azikwe."

Akakifunga katika pembe ya khanga yake mwenyewe.

Kwa desturi ya ukoo wetu, ndugu wa marehemu walikula mboga isiyo na chumvi mpaka matanga yaanuliwe. Baba alikuwepo, amekaa na wanaume. Tulikula udongo na vitambaa wote pamoja, na kwangu haikuwa adhabu, nilikuwa nimekwisha kuzoea. Siku ya kuanua, wanawake walipika chungu kikubwa cha maharage na kingine cha majani, na ilipofika saa ya kurudisha chumvi, Bibi aliniita. Sauti yake ilikuwa nzito, lakini aliniita kwa jina langu la jikoni.

"Mke mwenzangu, njoo utie."

Nilinyoosha mkono kwenye kibuyu cha chumvi. Akakisogeza pembeni. Akafungua fundo la khanga yake.

"Hii ni ya Mama," nikasema.

"Najua."

"Itakwisha."

"Itakuwa imeliwa. Kitu kikiwekwa kwa ajili ya mtu, mwisho huliwa na waliobaki."

Nilikidondosha kwenye maharage. Kilikuwa kigumu kama changarawe. Nilikoroga muda mrefu, kikagonga pembeni ya chungu, kikagonga tena kwa sauti ndogo, kisha nikawa sikisikii.

Watu wakala. Walikuwa na njaa ya ladha, wakasifu. Mimi nilionja, nikashusha mkono.

"Haina chumvi," nikasema.

Shangazi alikuwa karibu yangu. Tangu siku ya maziko alikuwa akinibeba mgongoni, ingawa nilikuwa nimekwisha kuwa mkubwa wa kubebwa, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi. Alionja kwenye sahani yangu.

"Mbona imekolea, mama?"

"Haina."

Akaniwekea punje chache kutoka kibuyuni, akachanganya kwa kidole. "Haya, onja."

"Haina chumvi."

Akaongeza. Mwanamke mmoja akasema ulimi wa mtoto umekufa kwa kilio, mwingine akasema nipewe maji kwanza. Shangazi akaongeza tena, kwa upole, akinibembeleza. "Na sasa?"

"Haina, Shangazi."

Bibi alikuja akachutama, akatia kidole kwenye sahani yangu na kukipeleka mdomoni. Chakula kile kilikuwa kichungu kwa chumvi, mtu mwingine yeyote angekitema. Aliking'ang'ania mdomoni. Kisha akaiondoa sahani mbele yangu na kuiweka chini.

"Acheni kumwongezea," akasema. "Mtoto hasemi habari za mboga."

Akaketi chini pale pale, miguu imenyooka mbele yake kama msichana, na yeye ambaye hakuwa amelia mbele za watu tangu kifo, si wakati wa kuosha wala kaburini, akalia kwa sauti. Shangazi alibaki na punje kwenye vidole. Polepole alielewa, akazirudisha kibuyuni moja moja.

Mpaka leo sijui kama nilikuwa nasema habari za mboga au siyo. Nimejaribu kurudi kwenye ulimi ule wa kitoto nionje tena, lakini mlango haufunguki. Ninachojua ni kwamba nilikuwa na jambo kinywani ambalo halikuwa na jina, nikachukua neno lililokuwa karibu. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo. Vitabu vya darasani vinauliza, "Kula chumvi nyingi maana yake ni nini?" na watoto wanaandika, "Kuishi miaka mingi," nami nimewapa alama zao kwa miaka yote hiyo, maana jibu ni sahihi. Lakini kila nilipoweka ile alama ya vema, nilijua kwamba mtoto huyu amekariri tu. Siku yake itafika. Nilimwombea ichelewe.

Bibi aliishi sana baada ya hapo. Alimzika Babu Kiliani, akazika na wadogo zake wote. Kamwe sikumsikia tena akisema mtu fulani amekula chumvi nyingi, na watu walipomwambia hivyo yeye, alijibu, "Nimeishi tu." Amelala nyuma ya migomba, Mama upande wa kulia na mume wetu upande wa kushoto. Shangazi ndiye aliyenilea nikamaliza shule, na nyumbani kwake Namtumbo hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mkono wangu.

Mimi sasa nina umri ambao Mama hakuufikia, na nimeupita mbali. Juzi juzi kliniki wamenipima presha, na muuguzi, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu, ameniambia nipunguze chumvi, ikiwezekana niache kabisa. Nikatabasamu.

"Bibi, mbona unacheka? Hili si jambo la mzaha."

"Najua, mwanangu. Nimemkumbuka mtu."

Napika kichungu changu peke yake. Mjukuu wangu, ambaye bado ana meno yake yote ya mbele, yuko kwangu kwa likizo, na yeye anapikiwa chake. Jana mchana tulikaa mkabala, nikajikuta nimeacha kula, namtazama anavyotafuna.

"Bibi, mbona unaniangalia hivyo?"

"Kula," nikamwambia. "Imekolea?"

"Imekolea."

"Basi vizuri. Ukila wewe, nimekula mimi."

Aliacha tonge. Akaitazama sahani yake, akanitazama mimi, akafikiri sana. Kisha akainuka, akazunguka meza, akanishika taya kwa vidole vyenye mchuzi ili achungulie ndani.

Sikumweleza. Nilifungua kinywa, nikakiacha wazi, atazame mpaka aridhike.